Risiti ya hoteli ilitoka kwa shilingi: makato ya kadi ukiwa nje ya nchi

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo hapa Dodoma, duka langu liko karibu na Soko la Majengo. Mwaka jana nilikwenda Dubai mara ya kwanza kuchukua mzigo. Hoteli ilikuwa dirhamu 2,200. Nililipa kwa kadi yangu ya Visa ya akaunti ya shilingi, na risiti ikatoka imeandikwa Sh 1,590,000. Niliporudi nikakuta kwenye taarifa ya akaunti hiyo Sh 1,590,000, na chini yake makato mengine ya Sh 31,800. Siku zile dola ilikuwa Sh 2,500. Sasa baada ya miezi miwili nampeleka mama yangu Chennai, India, kufanyiwa upasuaji wa goti, na tutakaa wiki tatu. Nimesoma kwamba kuna kadi za mkopo zisizokata chochote ukiwa nje, na benki yangu nayo inanishawishi nichukue kadi ya mkopo. Nichukue? Na nifanyeje nisikatwe tena kama Dubai? (Msomaji, Ipagala)

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Umefanya jambo la maana kuitunza ile risiti. Nilikaa miaka mingi kwenye kitengo cha kadi cha benki kabla ya kustaafu, na wateja wengi waliokuja kulalamika walikuja na hasira tu, karatasi wameshaitupa uwanja wa ndege. Bila karatasi hakuna cha kupiga hesabu. Wewe umeleta namba, basi tuanze nazo.

Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hiyo Dubai ni rahisi kujua umekatwa kiasi gani. Gawa 2,200 kwa 3.6725, unapata dola 599. Zidisha kwa Sh 2,500: hoteli yako ilikuwa ya Sh 1,497,600 hivi. Mashine ikaandika Sh 1,590,000. Hapo zimeshaondoka Sh 92,000 na kidogo, zaidi ya asilimia 6, kabla benki yako haijagusa kitu. Ndipo benki ikaja na Sh 31,800, ambazo ni asilimia 2 kamili ya kile kilichoandikwa kwenye risiti. Jumla ni kama Sh 124,000.

Ukiitazama hesabu hiyo vizuri utaona benki yako ilichukua robo tu. Robo tatu zilikwenda pale mapokezi ya hoteli, na zilikwenda kwa sababu malipo yalifanywa kwa shilingi. Nataka hili likukae kichwani kuliko mengine yote nitakayosema, kwa kuwa ndilo kato kubwa zaidi na ndilo pekee unaloweza kulifuta lote, bila kubadilisha benki wala kadi.

Ilikuwa hivi. Mashine ya malipo inaposoma kadi ya mgeni, inatambua kwa namba za mwanzo za kadi kwamba akaunti yako ni ya shilingi. Kisha inatoa nafasi ya kubadilisha fedha papo hapo: lipa dirhamu 2,200, au lipa Sh 1,590,000. Mgeni akiona shilingi anatulia moyo, kwa sababu ni fedha anayoijua na anaona kamili atakachokatwa. Lakini kiwango kilichotumika hakikutoka Visa wala benki yako. Kimewekwa na kampuni inayoihudumia ile mashine, na faida yake inagawanywa kati ya kampuni hiyo na mwenye hoteli. Ni kama kwenda sokoni ukamwachia muuzaji zabibu apime kwa mizani yake, apange bei yake, halafu akuhesabie na chenji kutoka mfukoni mwako mwenyewe.

Kinachouma zaidi ni kwamba kulipa kwa shilingi hakukukinga na kato la benki. Benki nyingi zinatoza muamala kwa sababu ya mahali ulipofanyika. Duka likiwa nje ya Tanzania, kato linakuja, hata risiti ingekuwa ya shilingi tupu. Ndiyo maana ulikatwa mara mbili. Kama ungelipa kwa dirhamu, na tuseme makato yote ya benki na ya mtandao wa kadi yangefika asilimia 3, hoteli ingekugharimu Sh 1,542,500. Umetoa Sh 1,621,800. Tofauti ni Sh 79,000, na hiyo ni hoteli peke yake.

Kwa hiyo ukiwa Chennai, kila mashine, kila duka la dawa, kila hoteli, lipa kwa rupia. Kanuni za Visa na Mastercard zinamtaka mfanyabiashara akupe nafasi ya kuchagua, lakini mhudumu mwenye haraka anaweza kukuchagulia. Kabla hujaweka namba ya siri, itazame skrini. Ukiona kiasi kimeandikwa mara mbili, kimoja kwa rupia na kingine kwa shilingi au dola, jua ndipo hapo. Gusa cha rupia. Ukiona shilingi peke yake au dola peke yake, usiweke namba ya siri; mwambie afute aanze upya, unataka rupia. Sema kwa upole ila usiondoke. Hilo la dola nalo lina mtego wake, kwa sababu kadi yako ni ya shilingi: rupia zitageuzwa dola kwa bei ya mashine, kisha dola zigeuzwe shilingi na upande wa kadi. Unalipia safari mbili.

Kwenye ATM utaulizwa swali hilohilo kwa namna inayotisha zaidi. Skrini inakuonyesha kiwango cha kubadilisha na kukupa vitufe viwili, kukubali au kukataa. Watu wanaogopa kukataa, wakidhani fedha haitatoka au kadi itamezwa. Unachokataa pale ni ubadilishaji wa mashine tu. Noti zako zitatoka kama kawaida, na hesabu itafanywa na Visa.

Sasa makato yanayobaki ukishalikwepa hilo. La kwanza ni la mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard: wana kiwango chao cha kila siku, ambacho kwa kawaida kiko karibu na cha soko, na kwa miamala inayovuka mpaka wanaitoza benki kitu kama asilimia 1. La pili ni la benki yako, juu ya hilo. Benki moja huliandika kwenye mstari wake, kama yako ilivyofanya, nyingine hulichanganya ndani ya kiwango cha kubadilisha, na huko ndiko wateja wasikoliona. La tatu ni la mwenye ATM, pale unapotoa fedha taslimu. Thailand, kwa mfano, kwa miaka mingi ATM zimekuwa zikimtoza mwenye kadi ya kigeni baht 220 kila anapotoa, atoe nyingi au kidogo. Juu yake benki yako ina tozo yake ya kutoa fedha nje ya nchi.

Hapo tunafika kwenye zile kadi ulizozisoma. Zipo kweli, na walioandika hawakudanganya. Marekani kato la kawaida la muamala wa nje ni kama asilimia 3, lakini kuna benki zilizoliondoa; Capital One, kwa mfano, haitozi kwenye kadi zake za mkopo. Ila kadi hizo zinatolewa kwa mkazi wa Marekani mwenye historia ya mikopo ya huko. Ushauri ule uliandikiwa mtu wa Chicago anayekwenda likizo Ufaransa. Usipoteze miezi yako miwili ukiitafuta kadi hiyo hapa.

Na ile kadi ya mkopo ya benki yako? Nakuomba usiichukue kwa nia ya kukwepa makato, kwa sababu haiyakwepi. Kato la muamala wa nje linakuja kwenye kadi ya mkopo kama linavyokuja kwenye kadi ya akaunti, wakati mwingine zaidi. Na ukiitumia kwenye ATM utalia: kuna tozo ya kutoa fedha, na riba inaanza kuhesabiwa siku ileile, bila zile wiki za nafuu unazopewa ukinunulia kitu dukani. Uko kwenye wodi na mama, dawa zinahitajika usiku, unatoa rupia 10,000 mara tatu kwa kadi ya mkopo, na unakuja kuiona riba ukishafika Dodoma. Nimewaona watu wazima wakitokwa machozi mezani kwangu kwa jambo hilo.

Kadi ya mkopo ina faida moja tu ambayo nitaitaja kwa haki. Hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana siku unapoingia. Ukiwa na kadi ya akaunti, hiyo ni fedha yako halisi imefungwa, na baada ya kuondoka inaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla haijaachiwa. Kadi ya mkopo inafungiwa kikomo cha mkopo, fedha yako inabaki huru. Lakini mtu anayeuguza anaweza kupanga nyumba ya wageni karibu na hospitali na kuacha dhamana ya fedha taslimu kwa risiti, mambo yakaisha. Sioni sababu ya kuingia kwenye mkopo kwa ajili hiyo.

Nikuambie ambalo hukuuliza, kwa sababu ndiko fedha yako nyingi itakakokwenda. Gharama ya hospitali usiilipe kwa kadi. Tuseme hospitali imekukadiria dola 6,000. Asilimia 3 ya hiyo ni dola 180, yaani Sh 450,000 kwa ile bei yako ya dola. Ukiituma kutoka akaunti yako kwenda akaunti ya hospitali kwa njia ya SWIFT, yaani mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumia kutumiana maagizo ya malipo, tozo ya kutuma kwa kawaida ni kiasi maalumu au asilimia yenye ukomo, na kwa fedha nyingi namna hiyo inakuwa ndogo sana ukilinganisha na kadi.

Waombe hospitali, kitengo chao cha wagonjwa wa kimataifa, makadirio ya maandishi na maelezo ya akaunti yao. Ukishayapata, piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo iliyo kwenye ile barua pepe, wakusomee namba ya akaunti tena. Kuna wezi wanaoingilia barua pepe na kubadilisha namba ya akaunti, na fedha ikishafika kwao hairudi. Tawini utaulizwa makadirio hayo, pasipoti, na pengine barua ya daktari. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani anabeba gharama za njiani; chagua OUR, yaani mtumaji abebe zote, la sivyo benki za katikati zitamega na hospitali ikuambie siku ya upasuaji kwamba imepungua dola 25. Omba nakala ya uthibitisho wa SWIFT, utembee nayo. Tuma angalau wiki moja kabla.

Bei ya dola usiipokee tu. Ile iliyobandikwa ukutani ni ya mteja wa dola mia. Kwa dola elfu sita una haki ya kuomba bei nzuri zaidi. Mwombe ofisa awasiliane na wenzake wa makao makuu wanaopanga bei, na uulize benki mbili au tatu siku hiyohiyo. Zote zina matawi hapa mjini, ni asubuhi moja tu. Nafuu ya Sh 20 kwa dola ni Sh 120,000 kwa dola 6,000. Kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo kiko kwenye tovuti yao, kiwe kipimo chako. Na usitume makadirio yote pamoja na ziada ya tahadhari. Tuma kinachotakiwa kuanzia, kwa sababu kurudishiwa kilichozidi huchukua muda, na kila inapogeuzwa fedha inapungua.

Tiketi ya ndege nayo, ukiinunua kwenye tovuti ya nje kwa kadi, kato la muamala wa nje linaweza kuja hata bei ikiwa imeandikwa kwa shilingi, kwa sababu muuzaji yuko nje. Kwa wakala wa hapa unalipa kwa shilingi, na tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza na kudai bei za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Linganisha jumla ya mwisho ya pande zote mbili ndipo uamue.

Fedha ya matumizi madogo, yaani bajaji, chakula, matunda ya mgonjwa, ibebe taslimu kwa kiasi. Vibanda vya Chennai vimezoea kulipwa kwa simu kwa mfumo wao wa UPI, na kadi ya kigeni kwenye kibanda haitakusaidia. Beba dola safi, noti mpya za mia, zisizochanika wala kuandikwa. Ziagize benki mapema. Hujasahau mwaka 2023 dola zilivyoadimika, na tawi likiwa nazo litataka kuona pasipoti na tiketi. Ukifika, uwanjani badilisha kidogo tu ya kukufikisha, nyingine kabadilishe mjini kwa wakala mwenye leseni ya Benki Kuu ya India. Tunza karatasi yao, itakusaidia kugeuza rupia zitakazobaki. Ukiwa na dola 10,000 au zaidi unatakiwa kuzitamka unapotoka Tanzania. India wanataka utamke noti zikizidi thamani ya dola 5,000. Sitegemei utafika huko, na kwa usalama wako sitaki ufike.

Ukilazimika kutumia ATM, toa mara chache na kiasi kikubwa kila mara. Mashine nyingi za India hazitoi zaidi ya rupia 10,000 kwa mara moja, kwa hiyo kutoa rupia 2,000 kila siku ni kulipa tozo ileile mara tano kwa fedha ambayo ungeitoa mara moja.

Sasa nenda tawini, wiki hii, usisubiri wiki ya safari. Kanuni za mwaka 2019 za Benki Kuu kuhusu kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki ziweke tozo zao wazi, kwa hiyo omba orodha ya tozo na uisome palepale na ofisa. Muulize: nikilipa kwa rupia, mnaongeza asilimia ngapi juu ya kiwango cha Visa, na hiyo asilimia imejumuisha ya Visa au inakuja peke yake? Nikitoa kwenye ATM ya nje, tozo ni kiasi gani kwa kila mara? VAT ya asilimia 18 imo ndani ya namba hizo au inaongezwa? Kikomo cha kadi yangu kwa siku ni kipi? Wakati uko pale, waambie wafungue matumizi ya nje kwenye kadi yako kwa tarehe zako. Kadi nyingi hukwama nje kwa sababu mteja hakuaga. Na meseji za namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini yako ya hapa, kwa hiyo iwezeshe ipokee meseji ukiwa India.

Ukipata jibu la asilimia, ingia tovuti ya Visa, wana kikokotoo cha viwango. Unaweka tarehe, rupia, shilingi na asilimia ya benki yako, kinakupa utakachokatwa. Fanya hivyo kwa malipo yako ya kwanza Chennai, ya chakula tu. Namba zikifanana na za benki, endelea kwa amani. Zikitofautiana sana, utakuwa umegundua kwa rupia mia tatu.

Kuhusu ile hoteli ya Dubai, unaweza kuiandikia benki yako kwamba hukupewa nafasi ya kuchagua, ukiambatanisha risiti. Lakini iangalie kwanza chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Kama kuna sentensi inayosema mwenye kadi amechagua sarafu hii kwa hiari, na umesaini, sitakudanganya kwamba itarudi. Muda wa kupinga miamala ya kadi nao huwa mfupi, na mwaka umepita.

Kadi moja usitegemee. Chukua na ya pili ya akaunti nyingine, iweke kwenye begi tofauti na pochi yako, na namba ya simu ya benki uiandike kwenye karatasi, maana simu nayo huibiwa. Mfundishe na mama namna ya kukataa shilingi kwenye mashine. Goti likishapata nafuu atakuja kutaka kujinunulia kanga zake mwenyewe. Msalimie sana.